Upande wa Pili

Njoo Jumapili, Achola, stima ikiwepo.
Usilete kitu; labda betri za tochi.
Nitakupigia kwanza ile santuri ya bluzi
yenye jalada lililoliwa na mende pembeni,
niliyoinunua Ngara kwa pesa za viatu
nikarudi Buruburu na soli zilizotoboka.

Mwimbaji simwelewi maneno yote.
Lakini anavyovuta pumzi kabla ya kulia,
naijua: ndivyo mama alivyovuta
akihesabu pesa za kodi juu ya kitanda.

Kisha roki. Majirani wa juu watagonga sakafu;
waache, wanagonga nje ya mdundo.

Wimbo wa tatu una mkwaruzo.
Sindano huruka, gitaa hukatika
palepale linapotaka kupanda.
Ni Kimanthi, kaka yangu, aliyeangusha kikombe
usiku ule tulipocheza hadi mlinzi akapuliza filimbi.

Juzi nimeusikia redioni, mzima, bila doa.
Nikauona mrefu mno.
Nikazima.

Basi tukifika hapo usishtuke,
wala usinyanyue mkono wa gramafoni.
Ruka nao.
Halafu utanisaidia kugeuza.