Milango Miwili

Bosi Chishimba alitaka neno moja tu, la Kizungu.
"Kingereza," alinisahihisha, "si Kifaransa.
Lori hili linavuka Kasumbalesa, linafika hadi Durban."
STRENGTH, kwa rangi nyekundu, nyuma ya kontena,
kila herufi urefu wa mkono wa mtoto.

Nilipima kwa uzi na chaki.
Herufi nane, milango miwili: nne kwa nne.
Hesabu ilikubali. Neno lilikataa.

Mimi ni mchora vibao wa Kamalondo.
Maneno nimeyakata tangu kabla sijaota ndevu.
SALUNI ikigonga ukingo wa ukuta, naishusha:
SALU juu, NI chini.
MGAHAWA naukata popote irabu inapoishia,
kama bukari: vidole vinaingia, tonge linatoka,
chungu hakilalamiki.
Hata M ya MTU husimama peke yake,
silabi nzima na midomo imefungwa.

Jioni binti yangu Nyembo alifungua kamusi ya shule,
ile yenye nukta katikati ya maneno.
"Baba, penye nukta ndipo wanaporuhusu."
Akanionyesha neno la herufi sita:
ukilikata baada ya herufi ya tatu, ni kumbukumbu;
baada ya ya pili, ni kitendo cha kuiandika.
Herufi zilezile!
"Sasa kisu kinajuaje?"
"Kisu hakijui. Sikio ndilo linajua uzito umeangukia wapi."
Kumbe nao wana mizani yao,
ila wameificha chini ya mkeka.

Tukafika kwenye S. Tukafika ST, STR.
Halina nukta.
Konsonanti saba zimeizunguka irabu moja
kama wachimbaji saba wenye kurunzi moja shimoni.
Ukiwavusha wanne upande wa pili
umewaacha gizani.

"Usilikate," alisema Nyembo.
Lakini rangi ilikwisha kukorogwa,
na nusu ya pesa nilikwisha kulipia minervali,
ya Nyembo huyohuyo.
Nikalikata.
STRE kushoto. NGTH kulia.
Hata kistari sikuweka; kingekuwa kukiri.

Kila walipofungua kushusha saruji
wale wanne walibaki wamekodoa macho juani.
Mama yangu, aliyejifunza kusoma kwenye Biblia,
alijaribu: "Ng… ngo…
Ni ng'ombe?"

Lori lake la pili nilimbembeleza Chishimba:
NGU, VU.
Likaenda, likarudi, likafunguliwa, likafungwa.
Hakuna aliyelisema vibaya.

Mvua za Januari, kwenye kona, yakagongana,
ndugu kwa ndugu.
Madereva walitoka wakichechemea, wakitukanana.
Fundi wa kuchomelea aliunganisha kilichosalia,
na juzi limepita mbele ya karakana yangu
lori moja lililotokana na mawili,
mlango wa kushoto kazi yangu, wa kulia kazi yangu:
STREVU.

Watoto walilikimbilia, wakisoma kwa kelele,
wakitia irabu kila ilipokosekana,
kila mchimbaji na kurunzi yake:
se! te! re! vu!

Nyembo hakuinua kichwa kutoka kwenye daftari.
"Sasa linakatika," alisema.