Pua ya Mjomba Muhanna

Mjomba Muhanna anauza udi Matrah,
duka la tatu kutoka kwa mshona kofia,
na tangu homa ile iliyomlaza mwezi mzima
hanusi kitu.

Siri tunaijua watatu:
yeye, mimi mpanga vichupa,
na mkewe Shinuna, aliyegundua
siku dengu zilipoungua, moshi ukajaa sebuleni,
naye kakaa na gazeti lake, anauliza,
"Chakula bado?"

Pua yenyewe ingali na heshima zake.
Ndefu, ina nundu katikati,
pua ya ukoo, wasema mashangazi,
ilitoka hapa ikaenda Unguja ikarudi
bila kulipiwa ushuru.
Watani husema inatangulia kuingia msikitini
mwenyewe bado anavua viatu nje.

Mteja akija, Mjomba hutia kipande cha udi kwenye kaa,
hufumba macho, huvuta pumzi ndefu,
kisha hufumbua jicho moja, kidogo tu,
aitazame pua ya mteja.
Mianzi ikitanuka, bei inapanda.
Pua ikikunjwa, anasema upesi:
"Huo nimekuonyesha ili uujue ubaya."
Suki nzima inaapa
hakuna pua kama ya Muhanna.

Nilimwambia afunge duka, apumzike.
Akanijibu kwa Kiswahili,
lugha yake ya hasira na ya hesabu:
"Wahenga walisema kata pua uunge wajihi.
Yangu imejikata yenyewe.
Na wajihi niutupe?"

Idi iliyopita wakaja binamu zake wa Bidiya,
wale wa kusalimiana pua kwa pua.
Wakamgusa mmoja mmoja.
Wa mwisho, Hamdun, mfuga mbuzi,
akakawia, akarudi nyuma hatua moja.
"Muhanna, umejipaka nini leo?"
"Ambari."
"Ndugu yangu, hiyo dawa ya mbu."

Tulicheka mpaka kahawa ikatumwagikia.
Mjomba naye alicheka, zaidi yetu sote,
halafu hatukumwona.

Nilimkuta chumba cha nyuma, sanduku wazi,
ameshika kanga ya marehemu mama yake,
ile aliyosafiri nayo, yenye asumini kwenye mikunjo.
Hakuipeleka puani kwake.
Alinipa mimi.
"Nusa," akasema,
na akaikazia macho pua yangu.

Ilinuka dawa ya nondo tu.
Nikatanua mianzi.