Haikuvuka

Usiku wa tatu huu, Tudor, ghorofa ya nne,
feni yazungusha joto lile lile
nami najenga daraja lisilo nguzo
kati ya minyororo miwili isiyojuana.

Lile la Nyali nalijua: lori lapita na saruji,
ng'ambo saruji ni ile ile, gunia kwa gunia.
Hili langu halipitishi kitu.
Tokeni ikija mlangoni, naifungia;
upande wa pili nachapisha pacha wake
na kuapa kuwa wawili hawa
hawatatembea siku moja.

Wenye funguo ni watano, sahihi zatosha tatu:
Kadzo wa Kisauni, mweka hazina wa chama,
maneno yake kumi na mawili kayaandika
nyuma ya kadi ya kliniki ya mjukuu;
Mghoi; Shee Athmani; Jayesh wa duka la nyaya;
na mimi, nisiyejiamini ikishapita saa sita.

Jana tulijaribu kwa sarafu za mchezo.
Nilituma kumi.
Huku desimali kumi na nane, kule sita,
nami nilisahau kugawanya.
Simu ya Kadzo ikaonyesha trilioni kumi.
"Mwanangu, nimeinunua Mombasa au nimeiiba?"
Dakika nne akawa tajiri wa pwani nzima,
akamkataza Shee kumwita kwa jina.
Kisha nikafuta. Tukacheka.
Sikulala.

Nilimkumbuka mama
na bangili mbili alizoweka rehani kwa sonara
mwaka nilioingia kidato cha kwanza.
Alipewa karatasi yenye muhuri.
Karatasi ikatembea: mwenye sare akaipokea,
karani wa shule akaipokea,
watu wazima, wenye akili zao.
Siku ya kukomboa, mlango una kufuli na vumbi.
Karatasi ingali sandukuni, muhuri haujafifia.
Bangili haziko popote.

Basi nimeweka kikomo cha siku,
na kitufe cha kusimamisha kila kitu,
na juu ya mkataba, pale penye maelezo
ambayo mashine huyaruka, nimeandika:

Kiwekwacho ni akiba, si zawadi mikononi,
Pacha asizidi baba, asiruke mizanini,
Anayetaka kushiba, asiguse ya ghalani,
Mlango nimeuziba, watatu ndio idhini.

Saa kumi na dakika saba, alfajiri,
tokeni moja, ya kweli.
Nikangoja bloku kumi na mbili,
chai ikafanya utando.
Kadzo akapiga; kumbe naye macho.
"Imevuka?"
"Haikuvuka. Imefika."
Akanyamaza. Nasikia jogoo wa kwao.
"Na ile ya huku?"
"Imefungwa."
"Nionyeshe."