Kona ya Bluu, Toledo

Anaiona. Msiseme haioni.
Mimi mshika ndoo na pamba, niko karibu:
ngumi ingali begani mwa yule kijana,
jicho la Cleophus limeshaijua.

Zamani kichwa kiliinama chenyewe,
kama mtu mrefu kwenye mlango mfupi wa kwao,
gizani.
Sasa habari inashuka ngazi,
shingo, kiuno,
ikifika gotini goti linauliza: nani?

Basi amejifunza kuegemea kamba,
kupokea kwa paji la uso, kukumbatia.
Wa redioni wanauita uzoefu.

Baada ya raundi ya sita nampaka mafuta kwenye nyusi.
“Orville,” anasema, “niliiona.”
Najua.
Fungua mdomo, nikuoshee kinga ya meno.