Kiti cha Abiria: Kama Kipya

Kazi yangu ni kutaja bei na kutazama kwingine.
Hapa Linz, nyuma ya kiwanda cha chuma,
wananiletea magari yaliyooshwa asubuhi hiyo hiyo
kama maiti ya mtu mwenye jamaa wengi.

Daktari Zwettler, wa meno, mstaafu tangu Machi,
aliliegesha lake kati ya mistari miwili,
akarudi nyuma, akaliegesha tena.
Kijivu. Silinda nane, milango miwili,
miaka minne, kilomita elfu sita mia mbili na kumi.
Alilinunua kwa euro laki moja, arobaini na nane elfu.

Nikapitisha kipimo cha rangi juu ya boneti,
nikapiga magoti penye tairi, nikanusa ndani.
Akanifuata na faili:
kila huduma, kila risiti, hata ya sabuni,
hata tarehe alizowasha injini wakati wa theluji
ili betri isife.

Nikamweleza ninavyowaeleza wote.
Siku ile ya kwanza, gari lilipovuka geti la duka,
kabla hujaingiza gia ya tatu,
thamani ilikuwa imeshashuka kama abiria,
ikaenda zake kwa miguu.
Mwaka wa kwanza hula kama mgeni wa harusi,
wa pili hula kama mwenyeji,
wa tatu huokota makombo,
lakini huokota kila siku, hata gari likiwa limelala,
hata ukilifunika shuka.
Na zile nyuzi nyekundu za usukani, euro elfu moja mia tisa:
soko halilipi nyuzi.

Mali bila daftari, tunaambiwa,
hupotea bila habari.
Yake ilikuwa na daftari, lenye jalada la ngozi,
ikapotea na habari zake zote,
senti kwa senti, kwa mwandiko mzuri.

"Sabini na moja," nikasema. "Elfu."

Hakubisha. Aliuliza tu,
kama lingekuwa la njano, lingekuwa ngapi?
Mkewe alitaka njano, njano ya haradali,
naye alisoma mahali kwamba njano haiuziki,
kwamba kijivu hushika bei.
Nikamwambia ukweli, na heri ningeumeza ulimi:
mwaka huu ya njano yanatafutwa.
Hata elfu sita zaidi.

Nikaendelea kujaza fomu.
Kiti cha dereva: mkwaruzo mdogo, upande wa kushoto.
Kiti cha abiria: kama kipya.
Niliandika hivyo kwa furaha ya kazi,
maana hilo huongeza bei kidogo.

Akasoma juu ya bega langu.
"Roswitha alipanda mara mbili," akasema.
"Kulikuwa na chumvi barabarani. Kulikuwa na mvua ya mawe.
Halafu nikasema, nikistaafu.
Sasa goti lake halikubali kushuka chini kiasi hiki."

Ofisini nina majedwali ya kila kitu,
kila modeli, kila mwezi, kila kilomita elfu.
La magoti sina.

Nje ikalia honi, fupi, halafu ndefu.
Skoda ya miaka kumi na tisa,
nywele za mbwa hadi kwenye dashibodi,
mchanga wa ziwani sakafuni,
gari ambalo ningelikadiria nimefumba macho:
halina tena pa kushukia.
Roswitha alikuwa nyuma ya usukani,
anakula tufaha, kioo kimeteremshwa,
hana haraka, ila honi tu.

Daktari akatia saini.
Alikwisha fika mlangoni akarudi,
akatoa kitambaa mfukoni
akafuta alama ya kidole chake mwenyewe
kwenye gari lisilo lake.
Kisha akatoka, akazunguka Skoda,
akafungua upande wa abiria,
akamsogeza mbwa.