Maganda

Julai, hapa Uwemba, jua huamka saa nne.
Ukungu umekaa mlangoni kama mdai asiyeaga,
na jikoni kwangu wamekaa mama wawili
kwenye vigoda viwili, ndoo ya viazi katikati,
na lugha, hakuna.

Mmoja kanizaa. Edina, binti Kaduma,
yeye huchemsha viazi vikiwa na makoti yake,
akavimenya vya moto, akivirusha kiganja hadi kiganja,
fuu, fuu, huku akisimulia msiba wa jirani.
Wa pili kanizalia mume. Halina.
Katoka Poland na sanduku la kilo ishirini na tatu,
kilo tano zikiwa unga. Unga!
Mama aliutazama ule unga, akanitazama mimi:
"Walimwambia huku hatuli?"

Jina la mume wangu halipiti vinywani mwa watu.
Alipokuja kufunga mtambo wa umeme mtoni
mafundi walilikata, wakabakiza Zibi.
Zibi anakula ugali kwa kijiko.
Miaka tisa. Nimeacha kugombana.
Nami supu yao ya bitiruti naipika kwa kufuata rangi:
ikifika wekundu wa kanga mpya, naipua.
Mama hajawahi kuionja.
Hanywi, anasema, kitu chenye rangi ya jeraha.

Leo Halina kaamua: pierogi.
Mkalimani ni Lutengano, mwanangu, miaka sita,
naye hutafsiri anachotaka.
"Bibi anasema ni sambusa
zilizoogopa mafuta, zikaenda kuoga."
Mtindi tuliuchuja usiku kucha ndani ya kitambaa,
ukining'inia juu ya sinki, ukidondoka, ukidondoka,
mpaka ukawa jibini ya kudanganyia.
Viazi lazima vimenywe vibichi. Kaamuru hivyo.

Ndipo ugomvi. Si wa maneno, wa visu.
Kwa Halina ganda linatoka moja, refu, utepe,
jembamba, ungesoma gazeti ng'ambo yake.
Mama anakata mapande,
nyama ya kiazi ikilisindikiza ganda
hadi kwenye ndoo ya nguruwe.
Halina akaingiza mkono ndani ya ndoo ile.
Akatoa ganda la mama yangu. Akaligeuza.
Akalimenya upya.

Sufuria peke yake ikawa inaongea.
Namjua mama. Nilimwona akimfungulia mchungaji mlango
kwa kusema tu mboga imezidi chumvi.
Nikamwita Zibi kwa macho. Zibi akahesabu kuni.

"Muulize," mama akamwambia mtoto,
"muulize nani alimnyima."

Lutengano akauliza, sijui kwa maneno gani.
Halina akajibu kwa kifupi, mikono haikusimama.
"Anasema, mama yake. Anasema, vita.
Anasema walikula maganda,
na hayo walihesabiana."

Mama akaweka kisu chini.
Mwaka wa njaa, yeye mdogo, bibi yangu
alichemsha viazi vya mbegu, usiku, mlango kwa komeo,
majirani wasisikie harufu.
Hajanisimulia hilo. Nililisikia alfajiri moja
akimsimulia ng'ombe, akikamua.

Akavuta kigoda; miguu yake ikakwaruza saruji.
Akachukua kiazi kingine, akaanza upya,
ncha ya ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza.
Ganda likakatika. Akaguna. Akachukua kingine.
Na Halina, bila kumtazama,
akampa kisu chake kidogo,
kile chenye mpini uliozungushwa uzi mwekundu.

Pierogi zilitoka namna mbili:
za Halina, mwezi mwandamo;
za mama, masikio ya mtu aliyepigwa.
Tulizila zote, na pilipili.
Zibi alitumia vidole.
Hakuna aliyesema neno.

Halina aliondoka Agosti. Kisu kimebaki.
Na nguruwe wetu, maskini,
tangu siku ile anakonda.