Herufi Saba

Nachonga majina kwenye visu, soko la Newala,
kibanda cha tatu kutoka kwa muuza chumvi.
Herufi moja, shilingi mia. Nafasi sihesabu.

Shaweji Namkuna alikuja msimu wa korosho,
ukungu bado umekalia mabati,
na kisu cha kukunja cha elfu tatu mia tano,
mpini wa plastiki ya kijani,
bapa refu kama kidole changu cha kati,
muhuri wa jogoo umepigwa huko huko kiwandani.
Kazi yake ghalani: kukata uzi wa katani
kwenye midomo ya magunia.
"Niandikie jina langu," akasema, "wenzangu wanaiba."
Nikahesabu. Saba.
Siku ile mdomo wangu ulikuwa umeamka mapema.
Nikamwambia, mwizi gani atamwogopa Shaweji?
Weka MLA WATU. Hela ni ile ile.
Akacheka. Nikacheka. Sindano ya mashine ikalia.

Mama yake, Bi Somoe, ana kisu cha jikoni
kirefu mara tatu ya kile,
kimenolewa jiweni hadi kiuno kimekonda.
Kwenye mpini kaandika SOMOE kwa rangi ya kucha,
kisije kikapotelea kwenye shughuli za watu.
Kinapita mbele ya kituo cha polisi
miaka kumi na minane sasa,
ndani ya beseni, juu ya vitunguu,
na Koplo Masunga hukisalimia:
"Pilau lini, mama?"

Usiku wa mnada kukazuka fujo,
nani kapunjwa, nani kamsukuma nani.
Hakuna aliyechanwa. Hata shati.
Mifuko ikapekuliwa. Wenye visu walikuwa tisa.
Vinane vilibaki kuwa visu.
Cha Shaweji, tochi ilipokimulika,
kikawa silaha.

Mahakama ya mwanzo. Karani akasoma:
"Kielelezo namba moja, silaha aina ya Mla Watu."
Aina!
Kama vile kuna kiwanda mahali
kinatoa Mla Watu kwa katoni.
Benchi la nyuma, mwanamke akamvuta mwanawe karibu.
Hakimu akakikunjua polepole, akakisoma,
akamtazama kijana usoni, akarudi kukisoma,
kama mtu anayelinganisha picha na kitambulisho.

Nikasimama kabla sijaitwa.
Mheshimiwa, neno hilo ni langu.
Yeye alitaka jina lake.
"Kwa hiyo hakujua maana yake?"
Alijua. Sote wawili tulijua,
ndiyo maana tulicheka.
Hakimu akaandika.
Mpaka leo sijui kicheko kinaandikwaje kortini.

Akaomba rula.
Sentimita saba na nusu.
Na huyu jogoo? akauliza.
Wa kiwanda, mheshimiwa.
Jogoo hakumshtua mtu.

Aliachiwa kwa onyo, msimu umeshafungwa,
ghala limeshapata mkono mwingine.
Akanijia na kisu ndani ya bahasha ya kaki.
"Futa."
Nikasaga kwa msasa, nikasaga kwa jiwe,
nikasaga hadi vidole vikafa ganzi.
Neno likaondoka. Pakabaki bonde jeupe,
upana wa herufi saba hasa,
na jogoo pembeni, mzima, anawika.
Akakigeuza kwenye mwanga.
"Sasa wakinipekua," akasema,
"wataniuliza nilikuwa naficha nini."

Nikamrudishia mia saba yake.
Aliiacha juu ya meza.

Kibao changu hakijabadilika: herufi moja, shilingi mia.
Jana kaja dogo wa sekondari, anataka SUMU.
Nikamuuliza, na kisu hiki unakata nini?
Akaona haya. "Maembe."
Nikainama, nikachonga EMBE.
Herufi nne, kama zake.
Alilipa huku amenuna,
akakikunja haraka, rafiki zake wasije wakakisoma.